Jua Lifanye Kazi, Lisiishie Kwenye Taa

Wanangu,

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakiwa pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, wakaahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 wa bara hili ifikapo mwaka 2030. Wasio na umeme Afrika ni takribani milioni 600, na wengi wao wanaishi vijijini na visiwani, mbali na nguzo. Kwa watu hao, njia ya mkato ni jua. Kwa hiyo fedha zitakuja, makontena ya paneli yatashuka bandarini, na mafundi watatafutwa kila wilaya. Siku makontena hayo yatakapofika kwenu, ninyi mtakuwa wapi? Mtakuwa mnabeba maboksi kwa ujira wa kutwa, mtakuwa mnaweka dole gumba kwenye mikopo ya taa na redio, au mtakuwa ndio mnaoamua umeme huo ufanye kazi gani?

Mimi ni fundi. Ujanani nilisuka mota na kufunga nyaya za majumbani, na sola ilipoingia huku Kanda ya Ziwa nikaifuata. Nimeingia nyumba nyingi zilizofungiwa umeme wa jua. Zipo ambazo maisha yalibadilika kweli, watoto wakamaliza shule na bati likapanda juu ya paa. Zipo nyingine ambazo baada ya miaka mitatu unakuta betri imekufa, paneli imegeuzwa meza ya kuanikia mihogo, na deni bado linadaiwa. Jua lilikuwa moja kwa wote. Waliofaulu waliupa umeme kazi ya kuingiza fedha, na wakajifunza kuutunza wenyewe. Hayo mawili ndiyo niliyokusudia kuwaambia. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Sisemi taa haina maana. Aliyesoma kwa koroboi anaujua moshi ule unavyoingia puani, na anajua nyumba ya nyasi inavyoungua kibatari kikipinduka. Mkunga wa zahanati anayepokea mtoto kwa mwanga wa balbu badala ya tochi ya simu iliyobanwa kwenye meno ana kila sababu ya kumshukuru Mungu. Lakini taa peke yake inakupunguzia gharama ya mafuta ya taa, basi. Ukishaokoa fedha hiyo ndogo umefika mwisho wa faida yake. Umaskini unaondoka pale kitu kipya kinapoingia mfukoni kila siku, nao umeme unaweza kukileta kama mtu ameketi akaufikiria.

Tazameni uvuvi wa dagaa hapa Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi uliendeshwa kwa karabai. Mtumbwi ulitoka na karabai kadhaa, kila moja imefungwa juu ya boya lake, zikaelea usiku kucha zikivuta dagaa. Gharama iliyomla mwenye mtumbwi ilikuwa mafuta ya taa, kwa sababu dagaa wapatikane wasipatikane, mafuta yameshaungua. Wimbi likirusha maji, kioo kinapasuka. Upepo ukichachamaa, moto unazima. Siku hizi mitumbwi mingi inatoka na taa za LED zinazotumia betri, na betri hizo huchajiwa mchana kwa paneli. Mafuta yametoka kwenye hesabu. Hapo hapo mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, pakazaliwa kazi mpya: kijana mwenye paneli chache na banda la mabati anapokea betri za wavuvi alfajiri, anazichaji, jioni wanazichukua kwa malipo. Huyo hakununua taa. Amenunua kazi.

Sasa tembeeni hatua chache kutoka kwenye hilo banda mtazame kinachoendelea kunapopambazuka. Dagaa wanamwagwa mchangani. Akina mama wanawatandaza kwa fagio, wanawageuza, kuku na mbuzi wanapita juu yao. Mvua ikinyesha mchana, hasa masika, mzigo mzima unaanza kunuka kabla haujakauka. Wale waliokaukia mchangani hununuliwa kwa bei ya chakula cha kuku, kwa sababu nani anataka kutafuna mchanga? Lakini mama aliyejenga kichanja, yaani nguzo fupi, fito na wavu uliotandazwa juu yake kimo cha kiuno, dagaa wake wanapitiwa na hewa juu na chini, wanakauka upesi, hawana mchanga, wanaliwa na watu, na bei yake iko juu ya ile ya wenzake. Akiongeza paa la nailoni angavu linaloruhusu jua kuingia na upepo kupita, hata manyunyu hayamtishi.

Kichanja hakina waya hata mmoja. Nimekitaja makusudi, kwa sababu vijana wengi wakisikia teknolojia safi wanawaza kitu chenye skrini na programu ya simu. Kichanja ni teknolojia safi. Kinatumia jua, hakichomi kuni, na seremala yeyote wa kijijini anaweza kukijenga na kukikarabati. Kama mwaloni kwenu dagaa bado wanaanikwa mchangani, anzeni hapo kabla hamjaulizia bei ya paneli.

Kisiwani Ukara, wilaya ya Ukerewe, kuna funzo lingine ambalo ningependa kila mwenye ndoto ya kuuza umeme alijue. Mwaka 2016 kampuni ya JUMEME iliwasha mtambo wa umeme wa jua pale Bwisya. Watu wakaunganishwa, wakawasha balbu, wakachaji simu, na kwa wengi matumizi yakaishia hapo. Mtambo wa mamilioni ya fedha hauwezi kulipwa na balbu na simu. Ikabidi wenye mtambo waingie kwenye biashara ambayo kisiwa kilikuwa nayo tayari, yaani samaki. Wakanunua samaki kwa wavuvi, wakawagandisha kwa umeme ule ule wa jua, wakawasafirisha kwenda kuuzwa mjini. Mnaolijua ziwa mnajua uzito wa jambo hili. Mvuvi wa kisiwani asiye na barafu hana sauti. Boti la mnunuzi likifika na barafu yake, mvuvi anachukua bei anayotajiwa, maana sato aliyevuliwa usiku hawezi kusubiri kesho. Friji likiwepo kisiwani, mvuvi anaweza kusema hapana.

Mitambo ya namna hiyo ilizua pia kilio cha bei. Uniti moja visiwani ilikuwa ghali mara nyingi kuliko ya TANESCO, watu wakalalamika, na mwaka 2020 Serikali ikaagiza iuzwe shilingi 100, kama kwa wateja wadogo wa gridi. Mimi nawaelewa wote wawili, wananchi na wenye mitambo. Haiwezekani maskini wa kisiwani alipe zaidi kuliko tajiri wa mjini kwa sababu tu alizaliwa ng'ambo ya maji. Na haiwezekani mtambo usiorudisha gharama zake upate wa kuubadilishia betri zitakapochoka. Kwa maoni yangu ruzuku ilipaswa kuwekwa wazi tangu siku ya kwanza, kama ilivyowekwa kwenye nguzo za vijijini, ambako Wakala wa Nishati Vijijini umebeba gharama kubwa na mwananchi akaunganishwa kwa shilingi 27,000.

Nguzo hizo nazo zina la kuwafundisha. Bangladesh ilianza mpango mkubwa wa sola za majumbani mwaka 2003, ikafunga mitambo zaidi ya milioni 4. Kisha gridi ikawafuata wananchi huko huko vijijini, na mwaka 2022 nchi hiyo ikatangaza kwamba umeme umefika kwa wote. Wengi waliokuwa na mtambo wa taa tu wakauweka kando. Kwetu pia nguzo zinatembea. Kijana aliyefungua biashara ya kuchaji simu na kuuza mwanga ajue kwamba siku nguzo itakaposimama mlangoni kwa jirani, wateja wake wataondoka jioni ile ile. Lakini aliyetumia sola kumwagilia, kugandisha samaki, kukausha dagaa au kunyoa atauendeleza umeme wa aina yoyote utakaomfikia, kwa sababu wateja wake hawaji kufuata umeme. Wanafuata nyanya, samaki na kichwa kilichonyolewa vizuri.

Nawaomba sasa mchukue karatasi. Hakuna biashara ya jua bila hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Paneli ya wati 100, iliyowekwa vizuri kwenye jua letu la saa tano zenye nguvu kwa siku, ikishatoa kinachopotea kwenye nyaya na betri, inakuachia kama wati-saa 400. Hiyo ndiyo akiba yako ya siku. Mashine ya kunyolea inakula wati 15 hivi. Ikifanya kazi saa sita imekula 90. Balbu mbili za LED za wati 7 kwa saa tano ni 70. Simu kubwa moja, kuijaza kutoka sifuri, ni kama 20, kwa hiyo simu kumi ni 200. Jumla 360. Kinyozi amefungua duka kwa paneli moja na betri ya kuitosha, na bado amebakiwa na kidogo. Lakini akileta pasi ya wati 1,000 akanyoosha nguo kwa nusu saa, amemaliza akiba ya siku nzima na kuingia kwenye deni la betri. Shikeni kanuni hii: kitu chochote kinachotengeneza joto, kama pasi, birika, mashine ya kutotolesha vifaranga, kinakula umeme kwa ulafi. Vinavyozungusha mota ndogo, vinavyotoa mwanga na vinavyotoa sauti vinakula kwa adabu.

Kwa mkulima, kifaa ninachokisifu kuliko vyote ni pampu ya sola. Pampu ndogo ya petroli inakutoza kila unapovuta kamba: siku ya ukame mkali ndiyo siku ya gharama kubwa. Pampu ya jua inafanya kinyume. Jua likichoma, maji yanapanda. Tena haihitaji betri. Mnavuta maji mchana, mnayahifadhi kwenye tangi lililoinuliwa, jioni mnafungulia yashuke yenyewe shambani. Kisima cha mita 10, paneli za wati 300 na pampu nzuri vitakupa lita 10,000 na zaidi kwa siku ya jua. Hayo yanatosha robo eka ya nyanya na ziada ya mchicha. Anayepanda kwa kumwagilia anaingia sokoni wakati wa kiangazi, wenzake wakiwa wanangoja mvua, na bei ya kiangazi mnaijua.

Kuhusu ununuzi, mjihadhari. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa karibu asilimia 90 tangu mwaka 2010, na hilo ndilo limewafungulia mlango maskini. Limewafungulia pia wajanja. Nimepewa paneli iliyobandikwa karatasi ya wati 200, nikaipima saa sita mchana, ikanipa 80. Basi nendeni dukani na futi kamba. Paneli halisi ya wati 100 ina ukubwa wa nusu mita ya mraba au zaidi. Ikiwa ndogo kama meza ya mwanafunzi na imeandikwa 200, karatasi inasema uongo. Nendeni na mita pia, mwambieni muuzaji aitoe juani, mpime volti na ampea mbele yake. Muuzaji mkweli atawasaidia kushika waya. Anayesema mita inaharibu paneli, mwacheni na mali yake.

Na mkiifunga, msiifunge chini ya mwembe. Nimeitwa mara nyingi kwa malalamiko kwamba paneli imekufa, kumbe tawi moja lilikua na kutia kivuli kwenye kona. Kivuli cha kona kinaweza kukaba sehemu kubwa ya paneli, kwa sababu vijipande vyake vimeunganishwa kwa mfuatano na umeme hupita kimoja baada ya kingine. Huku kwetu kusini ya ikweta ielekezeni kaskazini, iinamisheni kidogo tu ili mvua iteremshe vumbi, na kiangazi pandeni mkaifute kwa maji na kitambaa laini. Ukitunza paneli vizuri, itazalisha miaka 25. Betri ya risasi na tindikali haifiki huko hata kwa dua. Usiinyonye zaidi ya nusu, iongezee maji ya betri na si maji ya kisima, nayo itakupa miaka mitatu au minne. Betri za lithiamu zinadumu zaidi na bei yake inashuka kila mwaka. Mwenye uwezo azichukue hizo.

Sasa nije kwenye deni, maana hapa ndipo ninapoona vijana wengi wakiumia. Kulipa kidogo kidogo kwa simu kumefanya jambo kubwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na miaka michache baadaye, 2012, kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa malipo ya kila siku kupitia simu. Familia ambayo isingeweza kutoa fedha za mtambo kwa mkupuo ikaweza kutoa kile ilichokuwa ikitumia kununulia mafuta ya taa. Njia hiyo imeenea Afrika Mashariki yote. Ndani ya kifaa kuna kifungo cha kielektroniki: ukilipa kinawaka, usipolipa kinazima.

Sina ugomvi na njia hiyo. Nina ugomvi na kijana anayesaini bila kuzidisha. Ukiambiwa shilingi 1,500 kwa siku kwa miaka miwili, zidisha kwa siku 730. Ni shilingi 1,095,000. Kisha nenda mjini ukaulize mtambo kama huo unauzwaje kwa fedha taslimu, uone tofauti unayolipia. Uliza betri ikifa kabla deni halijaisha nani anaibadilisha. Uliza ukikwama mwezi mmoja nini kinatokea, mtambo utachukuliwa na fedha uliyokwisha kulipa itapotea, au muda utasogezwa? Majibu yasipokuwa kwenye karatasi hayapo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sijaona mahali msemo huo unapotimia upesi kama kwenye mkopo wa televisheni ya sola katika nyumba isiyo na kipato.

Kuna jambo ambalo wakopeshaji wa mjini hawalijui na ninyi mnalijua. Mvuvi wa dagaa haendi ziwani kwenye mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni siku nyingi, na kipato kinasimama. Mkulima naye ana miezi ya kupanda asiyoona senti. Mkopo wa kila siku hauujui mwezi wala msimu. Kwa hiyo msikubali ratiba iliyotungwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Ombeni malipo yanayofuata giza na mavuno. Mkikataliwa, rudini kwenye VICOBA au SACCOS yenu, ambako mwenyekiti mwenyewe ana mtumbwi na anajua mbalamwezi inaanza lini. Pampu moja au jokofu moja la kikundi, lililonunuliwa kwa akiba yenu na mkopo mdogo, lina heshima kuliko mitambo kumi iliyofungwa kifungo cha mtu wa mbali.

Ujuzi nao lazima ubaki nyumbani. Miaka ya 1980 mafundi wa jua kali, yaani wa karakana za mitaani, wa Shauri Moyo, Nairobi, walilipokea wazo la jiko la mkaa kutoka Thailand, wakaligeuza likafanana na mapishi ya kwetu: bati lililofinywa katikati kama kiuno, ndani limewekewa chungu cha udongo uliochomwa ili joto lisipotee. Lilipunguza mkaa kwa theluthi hadi nusu. Mafanikio yake makubwa, kwa jicho langu, yalitokana na kwamba halikuhitaji kiwanda cha ng'ambo. Mhunzi alikata bati, mfinyanzi akafinyanga chungu, muuzaji akalibeba kichwani. Fedha ya kila jiko ilizunguka mikononi mwa watu watatu au wanne wa mtaa ule ule, na jiko likivunjika chungu, chungu kipya kinapatikana sokoni. Leo linauzwa kila mahali Afrika Mashariki, na wengi hawakumbuki kwamba kuna watu waliokaa chini wakalibuni.

Paneli hatuitengenezi vijijini, hilo nakubali. Lakini kuifunga, kuipima, kubadilisha fyuzi, kulehemu waya uliokatika kwenye kidhibiti chaji, kuamua kama betri imekufa au ina kiu tu, hayo yote yako ndani ya uwezo wenu. Asiwadanganye mtu kwamba yanahitaji digrii. Kibokwa, Kaskazini Unguja, kuna kituo kilichofuata mfano wa chuo cha Barefoot cha Tilonia, India. Wanawake huteuliwa na vijiji vyao wenyewe, wengi wao ni mama watu wazima ambao hawakufika mbali shuleni, wanafundishwa ufundi wa sola kwa rangi na kwa mikono, kisha wanarudi kuwafungia majirani zao umeme na kuutunza. Mama anayetambua kipingamizi cha umeme kwa mistari ya rangi bila kuandika jina lake ananipa moyo kuliko hotuba yoyote. Ninyi mmemaliza kidato cha nne. Baadhi ya vyuo vya VETA vina kozi fupi za umeme jua. Nendeni, mpate cheti, baadaye mfuatilie leseni ya ufungaji umeme EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, kwa sababu kazi za zahanati, shule na miradi ya Serikali hazitolewi kwa fundi asiye na karatasi.

Mabinti zangu, nawasemesha ninyi hasa kuhusu jikoni. Mwaka 2024 nchi yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Penye gridi, sufuria ya presha ya umeme inaivisha maharage bila kufika nusu uniti, yaani chini ya shilingi 200, na mkaa wa kuivishia maharage hayo hayo mjini Mwanza unazidi bei hiyo mara kadhaa. Watu hawajui tu, au wanaogopa. Mwenye kuwaonyesha, kuwauzia na kuwatengenezea zikiharibika ana kazi ya miaka kumi mbele yake. Saa ambazo msichana alizitumia kutafuta kuni ni saa za shule au za biashara, na hizo hakuna wa kumrudishia zikishapita.

Nimeliacha kwa makusudi hadi mwisho jambo moja la uchungu. Tunaita nishati hii safi, na juu ya paa ni safi kweli. Chini, kwenye betri kuukuu, kuna risasi na tindikali. Nimewaona mafundi wakimwaga tindikali mtaroni, na wengine wakiyeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu nyuma ya nyumba, watoto wakicheza kando ya moshi ule. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri za zamani kiliwatia sumu ya risasi watu wa mtaa mzima. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho. Mwanawe mchanga aliugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akasimama pamoja na majirani, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikaendelea kwa rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipowapa haki wakazi Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wanakua na risasi mwilini, na risasi ikishaingia kwenye ubongo wa mtoto hakuna hukumu inayoitoa.

Kwa hiyo fundi atakayejifunza kwangu hafungui betri kuukuu. Anaiweka wima kwenye chombo cha plastiki, mbali na watoto na kisima, anaikusanya pamoja na nyingine, na kuipeleka kwa mnunuzi mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Betri kuukuu ina bei. Mwambieni mteja tangu siku ya kufunga kwamba ikifa mtaichukua na kumpunguzia kwenye bei ya mpya. Hapo mtakuwa mmelinda mtaa na mmerudisha mteja.

Wanangu, msianze na mikopo. Wiki hii kaeni wawili au watatu mwandike kazi tano zinazofanyika kijijini kwenu ambazo zinakwamishwa na mafuta, kuni, kuoza au giza. Pembeni ya kila kazi andikeni nani anaifanya, anapata kiasi gani kwa mwezi, na kinampotea kiasi gani. Chagueni moja. Nunueni mita kabla ya paneli. Na mtakapofunga mtambo wa kwanza, wekeni daftari la mapato na matumizi ya kila siku kwa msimu mzima, mbalamwezi na giza, masika na kiangazi. Daftari hilo ndilo mtakaloliweka mezani siku mtakapokwenda kuomba fedha za mtambo wa pili.